Unatoa au Unaweka? Tathmini ya Huduma ya Kutoa Pesa kwa Wakala

Kutoa pesa kwa wakala ndiyo sehemu ya huduma za fedha kwa simu ambayo Watanzania wengi huitumia bila kuifikiria, na ndiyo hiyo hiyo inayowakata zaidi. Kuweka hakuna makato. Kutuma kuna makato ambayo mtu huyazoea. Lakini noti haziwezi kufika mkononi bila kupita kwenye mlango ambao juu yake pameandikwa maneno mawili tu: Toa Pesa. Tathmini hii inaihusu huduma hiyo kama ninavyoitumia hapa Tanga mjini, kwenye mitandao zaidi ya mmoja, na nimeamua kuipima kwa kipimo ambacho watathmini wengi hukiruka, yaani kwa maneno yake. Menyu ya simu haina karani wa kumweleza mteja wala kijitabu cha maelekezo. Ina Tuma, Toa, Nunua na Lipa, na kutokana na vitenzi hivyo mteja anatakiwa aelewe pesa yake inatoka wapi, inakwenda wapi, na nani atakula njiani. Niseme mapema kwamba huduma yenyewe naipa alama za juu. Ni ya haraka, inapatikana hata vijijini ambako tawi la benki halijawahi kufunguliwa, na haimtaki mtu awe na simu janja. Kitenzi chake kikuu, hata hivyo, kinaficha mambo ambayo mteja anafaa kuyajua.

Katika Kiswahili cha kila siku, anayetoa ni anayeachia. Mtu hutoa sadaka, hutoa zaka, hutoa mahari, hutoa mchango wa harusi na hutoa rambirambi. Na akikutana na mwenye mamlaka asiye na haya, huambiwa atoe chochote ili shughuli yake iende. Katika yote hayo mtoaji hurudi nyumbani akiwa amepungukiwa. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, imesimama juu ya maana hiyo hiyo, na mwalimu wa hesabu naye anapomwambia mtoto kumi toa tatu hamaanishi kitu kingine zaidi ya kupunguza. Kwa wakala, kinyume chake, anayetoa ndiye anayeondoka na noti mfukoni, na anayehesabu noti na kuzikabidhi hasemwi kwamba ametoa bali kwamba amemtolea mteja.

Wapo wanaodhani kwamba kampuni za simu ndizo zilizolipindua neno hili. Sivyo, kwa kuwa benki zilikuwa zikisema kuweka na kutoa fedha muda mrefu kabla ya simu kuingia katika shughuli hiyo, na tena benki nazo hazikulipindua. Maana ya msingi ya kutoa ni kukifanya kitu kitoke pale kilipo ndani: hutolewa mwiba mguuni, hutolewa mzigo ghalani, hutolewa jino. Toa na toka ni jozi, kama zilivyo ng'oa na ng'oka au chomoa na chomoka, ambapo la kwanza hutaja anayefanya na la pili hutaja kinachofanyika. Sadaka ni kitu kilichotoka mikononi mwangu kikaenda kwa mwingine. Pesa ya wakala ni kitu kilichotoka katika akaunti yangu kikaja mikononi mwangu. Neno ni moja na mwendo ni mmoja, ila mahali anaposimama msemaji pamebadilika. Ndiyo maana siwezi kuilaumu menyu kwa kuchagua neno Toa. Ninachoilaumu ni kwamba imelitumia peke yake, bila kusema wapi panapotolewa, na kwa mteja mgeni hasa mzee jambo hilo si dogo.

Eneo la Ngamiani kuna kibanda kimoja cha wakala ambacho meza yake ina simu ndogo kadhaa za vitufe, kila moja ya mtandao wake, na daftari lenye mistari ambamo miamala huandikwa kwa kalamu ya wino. Nilikuwa katika foleni hapo wakati binti mhudumu alipomwamkia mzee aliyekuwa mbele yangu, "Shikamoo babu. Unatoa au unaweka?" Mzee akaitikia marahaba, akafikiri kidogo, kisha akajibu, "Mjukuu wangu, mimi nimekuja kupokea. Mwanangu katoa kule Dar es Salaam." Binti alicheka kwa adabu, akachukua simu ya mzee na kumwonyesha mahali pa kubonyeza, lakini alipofikia namba ya siri alimrudishia na kugeuza uso pembeni. Jibu la mzee lilikuwa sahihi kuliko menyu, na adabu ya yule binti katika kugeuza uso ndiyo sehemu bora ya huduma hii, ambayo haikuandikwa kwenye tangazo lolote.

Hapa pia ndipo lugha ya watumiaji ilipoizidi lugha ya kampuni. Watu wameunda msemo ambao haumo katika menyu za mwanzo wala haukubuniwa na afisa masoko: ya kutolea. Anayetumiwa elfu hamsini huuliza, "Umeweka na ya kutolea?" naye mtumaji mwungwana huongeza kiasi kitakachofidia makato ili mpokeaji ashike elfu hamsini kamili. Kiambishi hiki kidogo cha kutendea kinabeba jambo zito, nalo ni kwamba pesa iliyomo kwenye simu si sawa na pesa iliyomo mkononi, kwani ili ya kwanza igeuke kuwa ya pili inahitaji pesa nyingine ya kuivusha. Kumtumia mama mzazi pesa bila ya kutolea kunahesabiwa kuwa ukosefu wa adabu, na nimesikia ndugu wakisutana juu ya hilo kwenye vikao vya familia. Baadaye kampuni zenyewe zililitambua hitaji hilo, zikaanza kumpa mtumaji nafasi ya kujumlisha gharama ya kutoa anapotuma. Hilo ni boresho zuri, na lilitoka kwa wateja.

Msomaji mwenye sikio atakuwa amegundua kwamba katika tolea na tolewa kuna sauti ya l ambayo haisikiki katika toa. Hiyo ni l ya zamani ambayo Kiswahili kiliidondosha ilipokuwa katikati ya irabu mwishoni mwa kitenzi, lakini hujitokeza tena mnyambuliko unapoongezwa. L hiyo hiyo, ikikutana na kiambishi cha kale cha kusababisha, iligeuka kuwa z, kama pungua inavyozaa punguza na ingia inavyozaa ingiza. Na kutokana na toa tukapata toza, yaani kumfanya mtu atoe. Kutoka toza tukapata tozo. Kwa hiyo ujumbe wa simu uliokuwa ukitaja kiasi ulichotoa na tozo uliyokatwa ulikuwa umewaweka mama na mwana katika sentensi moja. Kiasi ulikitoa kwa hiari yako, na tozo ulitozwa.

Neno hilo lilipata umaarufu usio na kifani Tanzania kuanzia tarehe 15 Julai 2021, Serikali ilipoanza kukusanya tozo ya miamala ya simu kwa kutuma na kutoa pesa, iliyokuwa ikipanda kulingana na ukubwa wa muamala kutoka shilingi 10 hadi shilingi 10,000. Malalamiko yalikuwa makubwa. Mwezi Septemba mwaka huo viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30, na kuanzia Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Kwa muda huo wote mteja wa kawaida alikuwa akishindwa kujua ni kipi kilichokwenda Serikalini na kipi kilichobaki kwa mtandao, kwa kuwa vyote viwili alivisikia vikiitwa makato. Ningependa kila ujumbe wa kuthibitisha muamala utenganishe mambo haya bila kusubiri kulazimishwa: ada ni ya kampuni, tozo ni ya Serikali. Tofauti hiyo imo tayari katika maneno yenyewe. Ada limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni desturi, na katika Kiswahili cha zamani lilikuwa ni kile kinachotolewa kwa mazoea, kama vile ada ya kungwi au ya mganga. Tozo halina ulaini wa namna hiyo.

Kuhusu bei yenyewe, huduma hii ina kasoro ambayo hakuna neno linaloweza kuifunika. Ada ya kutoa hupanda kwa ngazi badala ya kupanda kwa uwiano, na kadiri kiasi kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu inayokatwa inavyokuwa kubwa ikilinganishwa na kiasi chenyewe. Mama anayetoa elfu tano ya matumizi ya siku anapoteza sehemu kubwa zaidi ya pesa yake kuliko mfanyabiashara anayetoa laki tano. Ngazi hizo zina madhara mengine pia. Wakala mmoja, ambaye kibanda chake sitakitaja, aliwahi kuniambia kwamba keshi aliyokuwa nayo haitoshi na kwamba nitoe nusu kwanza, kisha nusu nyingine baada ya mteja mwingine kuweka. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na haraka, nikakatwa mara mbili, na jumla ya makato mawili ikazidi ile ambayo ningekatwa kwa muamala mmoja. Sidai kwamba alikusudia kuniibia. Lakini wakala hulipwa kamisheni kwa kila muamala, na mfumo unaomfaidisha mhudumu pale mteja anapogawanyiwa mzigo wake una kasoro ya kimsingi. Ushauri wangu ni kwamba mtu akiambiwa agawe, aende kibanda kinachofuata. Kwa kawaida hakiko mbali.

Tatizo la keshi ndilo linaloeleza pia kwa nini huduma inakuwa bora au mbovu kulingana na saa na mahali. Wakala anaishi kati ya mifuko miwili. Mmoja ni floti, yaani pesa iliyomo kwenye laini yake, na mwingine ni pesa taslimu iliyomo kwenye droo. Anayeweka humwongezea taslimu na kumpunguzia floti. Anayetoa hufanya kinyume. Karibu na soko, ambako wachuuzi huweka mauzo yao jioni, droo hujaa na kutoa ni rahisi. Katika mtaa wa makazi mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na kila mtu akawa anatoa, droo hukauka kabla ya adhuhuri na jibu linakuwa "keshi hakuna, labda jioni". Neno taslimu, kwa bahati, lina asili inayolifaa sana: katika Kiarabu ni kukabidhi, mkono kwa mkono. Huduma nzima ya kutoa, ukiondoa simu na minara, mwishowe hutegemea tendo hilo la mtu mmoja kumkabidhi mwenzake noti, na hapo ndipo inapokwama inapokwama.

Jina la huduma nalo lina historia inayostahili aya yake. Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, baada ya jaribio la mwaka 2005 lililokusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo midogo, ilichagua neno ambalo Kenya na Tanzania zote zinalielewa, na Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008 haikuwa na haja ya kulibadilisha. Herufi M ilikusudiwa kusimama badala ya neno la Kiingereza linalorejelea simu ya mkononi, ingawa katika sikio la Mswahili inasikika kama kiambishi cha ngeli ya watu, na pengine hilo ndilo lililoisaidia kuzoeleka. Pesa yenyewe ilitoka Bara Hindi. Ilikuwa paisa, sarafu ndogo ya shaba ambayo 64 kati ya hizo zilifanya rupia moja, na ilizunguka pwani yetu pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa sarafu zake za shaba za aina hiyo mwaka 1882, na kampuni ya Kijerumani iliyotawala bara ikafuata kwa kutengeneza pesa zake kuanzia mwaka 1890. Mwaka 1904 Wajerumani waliiondoa pesa na kuleta heller, 100 kwa rupia moja. Sarafu hiyo haikudumu hata miaka 20, lakini ilituachia hela, ambayo Mtanzania huitumia kila siku na Mkenya huitumia kwa nadra. Pesa nayo, iliyofutwa rasmi, ilibaki midomoni na ikarudi kuwa jina la huduma ya kisasa kuliko zote. Halotel ina HaloPesa, na Zanzibar iliijua EzyPesa. Tigo Pesa ilipobadilishwa jina mwishoni mwa mwaka 2024 na kuwa Mixx by Yas, neno pesa liliondolewa kabisa, na mimi naona hasara ilikuwa ya kampuni, kwa sababu jina la awali lilijieleza lenyewe hata kwa mtu asiyejua kusoma.

Kati ya maneno fedha, pesa na hela yapo matabaka ambayo mtumiaji yeyote huyahisi. Fedha, kutoka Kiarabu kwa maana ya madini yenyewe yanayong'aa, ni ya wizara, ya benki na ya taarifa ya habari. Pesa ni ya menyu. Hela ni ya dirisha la wakala: "Natoa hela" ndivyo karibu kila mtu anavyosema, na ndivyo pia wanavyosema matapeli. Ujumbe mashuhuri unaomwambia mtu asiyemjua mtumaji wake "ile hela tuma kwenye namba hii" umefanikiwa kuwaibia watu wengi kwa sababu umeandikwa kwa lugha ya ndugu, si ya kampuni. Hauna salamu, hauna jina, una neno "ile" tu, linalomfanya mwenye deni au ahadi ajaze pengo mwenyewe. Katika kutoa, kinga ya mteja ni nzuri zaidi kuliko katika kutuma, kwani huingiza namba ya wakala na kiasi kwenye simu yake mwenyewe, huona jina la wakala kabla ya kuthibitisha, na hakuna anayeweza kukamilisha muamala bila namba ya siri. Udhaifu uko kwa wale wanaomtamkia wakala namba hiyo kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Mtandao unaotaka sifa ungefundisha jambo hilo kwa bidii ile ile unayotumia kutangaza vifurushi.

Baki la mwisho ni kitenzi kinachoshindana na kutoa, yaani kulipa. Hiki ni cha Kibantu tangu asili, na ndugu zake wako hai: Wakikuyu husema rĩha, na Washona wa Zimbabwe wana ripa, kulipa fidia. Kulipa siku zote kuna kitu nyuma yake, ama deni, ama bidhaa, ama kosa, na ndiyo maana tunalipa karo, tunalipa faini na tunalipiza kisasi, lakini hatulipi sadaka. Menyu imeheshimu tofauti hiyo vizuri kuliko watu wanavyotambua, kwa kutenga Toa na Lipa katika mistari miwili. Kwa sasa maduka mengi ya mjini yamebandika Lipa Namba, yaani namba ya duka ya kulipiwa kwa simu, ukutani, na anayenunua unga au saruji anaweza kulipa moja kwa moja bila kutoa kwanza, hivyo akaepuka ada ya kutoa na hatari ya kubeba noti. Pale inapokubaliwa, ninaipendekeza badala ya kutoa bila kusita. Ila mwenye duka naye siku moja lazima atoe ili amlipe mletaji mzigo, na ada inayomkuta hapo wengine hujaribu kuirudisha kwa mnunuzi kwa kuongeza bei kimyakimya kwa anayelipa kwa simu. Muulize bei kabla hujasema utalipaje.

Kondakta wa daladala, muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga na fundi wa baiskeli bado wanataka taslimu, na kwa ajili yao kibanda cha wakala kitaendelea kuwa na foleni. Anayekwenda kutoa aende asubuhi, atoe kiasi cha siku kadhaa kwa mara moja badala ya kidogo kidogo, ahesabu noti mbele ya wakala, na asiondoke dirishani kabla ujumbe wa kuthibitisha haujaingia katika simu yake mwenyewe. Ule ulioingia katika simu ya wakala haumhusu.